Shango Amesimama Mbele ya Mama Yake

Temi alinitumia ujumbe mfupi: mama ametutoka, mazishi Ijumaa, rangi ni buluu na nyeupe, tafadhali njoo. Niliusoma kituo cha basi, mvua inanyesha ile ya London isiyolowesha wala kukatika, na basi langu likaja, likafungua milango, likaondoka bila mimi. Sikulia. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa sura ya Mama Temi wala sauti yake. Ilikuwa sakafu ya saluni yake, ile ya plastiki ya rangi ya kijivu iliyopasuka karibu na sinki, na nywele zilizokatwa zikiwa zimetapakaa juu yake. Kila nikimfikiria mama yule, namwona hapo chini. Nina miaka kumi na tisa, na najua watu wa umri wangu hawaandiki kumbukumbu za maisha, maisha yenyewe hayajawa marefu kiasi hicho. Lakini mwaka ule nilipokuwa na kumi na tano nimeubeba hadi leo, na sasa kwa kuwa mwenye saluni hayupo, naogopa na mimi nikinyamaza hakutabaki mtu wa kuusema ila Temi, na Temi husema kwa penseli.

Habari za kwetu Pemba, nani alitangulia kuja huku na nani alimfuata, na kwa karatasi zipi, hizo nitaziacha. Inatosha kujua kwamba nilikuwa mgeni shuleni Peckham, kwamba Kiingereza nilikielewa chote lakini kikifika mdomoni kinageuka jiwe, na kwamba kila siku nikirudi nyumbani niliandika yaliyonipata kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha pekee ambayo sikuionea haya. Mama yangu alifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, na zamu zake zilikuwa za mchana kutwa mpaka jua litue. Hakupenda nikae nyumbani peke yangu. Temi alikuwa akikaa meza moja na mimi darasani, msichana mrefu, mwenye wino vidoleni, na siku moja aliniambia kama vile tumeshakubaliana tangu jana, "Twende dukani kwa mama yangu. Kuna joto, na kuna chakula." Nikaenda. Mpaka mwaka unakwisha nilikuwa naijua stoo ya saluni ile kuliko chumba changu cha kulala.

Saluni ilikuwa katika uchochoro unaotokea Rye Lane, baina ya duka la samaki wakavu na duka la simu. Mbele palikuwa na viti vya kusukia, draya zilizosimama, na redio inayoimba nyimbo za kanisani asubuhi mpaka jioni. Nyuma palikuwa na pazia la shanga, na nyuma ya pazia ndiyo stoo: maboksi ya rasta mpaka darini, jiko dogo la umeme, meza iliyokatwa mguu na kuegemezwa ndoo. Hapo ndipo sisi tulipokaa. Tulikula wali mwekundu wenye pilipili iliyonitoa machozi mwezi wa kwanza na ambayo mwezi wa tatu niliiongeza mwenyewe. Tulikula ndizi za kukaanga. Tulikula pia kitu ambacho Mama Temi alikiita kwa jina lake la Kinaijeria, lakini mimi nilipokiona mara ya kwanza nilisema kwa sauti, "Kaimati!" kwa sababu zilikuwa kaimati kabisa, ila hazikutiwa shira. Nadhani ndilo neno la kwanza nililolisema mle ndani bila kuulizwa. Mama Temi alicheka mpaka akashika kiti. "Zanzibar amepata ulimi," alisema. Nilitaka kumwambia mie ni Mpemba. Sikumwambia, na jina likanibakia.

Kupitia pazia lile tulisikia kila kitu. Wanawake wakikaa kusukwa saa nyingi husahau kama kuna watoto ulimwenguni, na mimi nilijifunza mambo ya ndoa, ya uzazi na ya karatasi za uhamiaji kuliko ilivyonipasa. Walisema Kiingereza chao na Kiyoruba, wakivichanganya katikati ya sentensi kama sisi tunavyochanganya nyumbani. Hapa nawaandika kwa Kiswahili, na ninavyowakumbuka wamekaa vizuri tu ndani yake. Aliyesema zaidi alikuwa Anti Folake, mwimbaji wa kwaya, rafiki wa Mama Temi tangu ujana wao, ambaye alikuja kusukwa hata kichwa chake kikiwa hakihitaji. Kuhusu mwanamke mmoja wa kanisani kwao alisema, "Anaomba kwa sauti ili Mungu asisikie anachokinong'ona." Niliiandika usiku ule na bado nacheka.

Temi alikuwa anachora. Simaanishi kama watoto wa darasa la sanaa wanavyochora tufaha. Alichora mashujaa wa katuni, wale wenye nguvu za ajabu na majoho yanayopepea, ila mashujaa wake hawakutoka katika vitabu vinavyouzwa madukani. Walikuwa miungu ya zamani ya Wayoruba, ambao bibi yake mzaa baba aliwahi kumsimulia mara moja tu, yeye alipopelekwa Abeokuta, Nigeria, akiwa mdogo, na Temi akawahamishia wote Peckham. Shango, mwenye radi, alikuwa fundi umeme wa reli, na shoka lake lenye makali pande mbili alilifunga mgongoni juu ya fulana ile ya manjano ya wafanyakazi wa njiani. Oya, mwenye upepo, aliuza vitambaa, akikasirika miavuli yote ya mtaa inageuka ndani nje. Ogun alikuwa na gereji chini ya matao ya reli. Eshu, mwenye njia panda, alipeleka chakula majumbani kwa baiskeli, na hakuna taa ya barabarani iliyowaka nyekundu mbele yake. Na mama yao wote, Yemoja, mwenye maji, alikuwa mwanamke mnene wa makamo aliyevaa buluu na nyeupe, anayesafisha bwawa la kuogelea la mtaa, na akiweka mkono majini, mto Thames wenyewe unainuka kumsikiliza. Adui yao alikuwa mtu asiye na uso, anayepita na kitambaa akifuta majina ya maduka, na duka likishafutwa jina linageuka mkahawa wa vioo, na hakuna anayekumbuka palikuwa na nini.

Alichora yote, lakini viputo vya maneno aliviacha vitupu. "Sijui wanasema nini," aliniambia. "Wewe unaandika kila siku. Waandikie." Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi: yeye akimaliza ukurasa anausukuma upande wangu wa meza, na mimi naketi kuitazama midomo yao mpaka wanaanza kusema. Mimi, niliyeshindwa kumwambia mwalimu kwamba sioni ubao, nilimfanya Oya amtukane polisi wa kuegesha magari. Niliandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa za mkono, na hakikuwa tena jiwe.

Lakini tulifanya kwa kuficha. Mama Temi alikuwa shemasi kanisani kwao, na katika kanisa lile miungu hiyo haikutajwa ila wakati wa kuikemea. Kabla sijajuana na Temi, aliwahi kuikuta picha ya Oya ndani ya begi la shule. Hakupiga kelele. Aliichana vipande, akavitia kwenye pipa la nywele zilizokatwa, akasema, "Ikitokea nyingine, utakwenda kwa mjomba wako Ibadan. Shule yake ya bweni ina kitanda." Temi alinisimulia haya huku akichonga penseli, kama mtu anayesimulia habari ya mwingine. Halikuwa tishio la hivi hivi. Mle stoo nilishasikia ya watoto wengi wa London walioambiwa wanakwenda likizo Nigeria, wakanyang'anywa pasi za kusafiria, wakarudi watu wazima. Mjomba mwenyewe alipiga simu kila Jumapili kuuliza kama mtoto anakuja. Basi nilijua tangu mwanzo kwamba tukikamatwa, Temi ataondoka, na mimi nitarudi kuwa yule wa kabla ya kaimati. Niliogopa kwa ajili yake. Niliogopa zaidi kwa ajili yangu, na sioni haja ya kulificha hilo.

Maktaba ya mtaa ilitangaza siku ya vijana kuonyesha kazi zao, na Temi akatuandikisha kabla hajaniuliza. Tukawa na haraka. Ukurasa wa mwisho kwa kuchorwa ulikuwa ule ambao Shango, baada ya kushindwa vibaya na yule mtu asiye na uso, anakwenda bwawani kwa mama yake kuomba msaada. Temi alimchora amelala kifudifudi mbele ya Yemoja, kifua chini, miguu imenyooka, joho jekundu limetandazika kwenye vigae.

Niliutazama ule ukurasa na mkono wangu ukakataa kuandika. "Anamwabudu?" niliuliza.

"Hapana, anamwamkia tu. Binamu zangu wanafanya hivi. Wavulana wanalala, wasichana wanapiga magoti." Alikunja pua. "Hata mimi naona aibu kidogo. Shujaa gani huyo, amelalia tumbo?"

Nikamweleza kwamba sisi tangu utotoni tumefundishwa kuwa paji la uso haliwekwi chini kwa ajili ya kiumbe, ni kwa Mungu peke yake, na kwamba sitaweza kumtilia maneno mtu aliyelala hivyo. Nikamwambia jinsi tunavyofanya sisi: unamshika mkubwa mkono, unaubusu, unasema shikamoo. Temi alifikiri kidogo, akala kaimati moja, akachukua kifutio. Shango akainuka kutoka chini. Sasa alisimama wima, kidari mbele, shoka mgongoni, ameinamisha shingo kidogo juu ya mkono wa mama yake. Alipendeza. Alikuwa shujaa hasa. Na mimi, kwa furaha ya kuiona heshima ya kwetu mikononi mwa mwenye radi, niliandika ndani ya kiputo: *Shikamoo, mama.* Tulidhani tumeurekebisha.

Ulikuwa mchana wa Alhamisi, shule imefungwa, saluni imejaa. Sisi tulikuwa kwenye jiko la stoo, nyuma ya maboksi, tukichemsha maji, na Anti Folake akaingia kutafuta rasta za rangi ya shaba kwenye maboksi. Hakutuona, au alituona akatupuuza. Nilisikia boksi likiburutwa, kisha kimya, kisha shanga za pazia zikigongana akirudi mbele. Temi aligeuka kuitazama meza. Ukurasa haukuwepo.

"Mama Temi," tulisikia, "hawa ni nani wanaoishi na rasta zako?"

Redio ikapunguzwa. Temi alinishika kiganja. Hatukutoka. Tulisimama nyuma ya pazia kama watu wanaosubiri matokeo ya daktari.

"Huyu mwenye shoka namjua," Anti Folake alisema. "Na huyu mama wa buluu namjua pia, nisijifanye. Yesu anisamehe, amemchora vizuri, ana makalio ya watu wa kwetu." Mtu akacheka chini ya draya. "Lakini anasemaje huyu? Shi-ka-mo-o. Shango wetu huyu anasema lugha gani?"

"Lete hapa," ilisema sauti ya Mama Temi.

Nilisikia kitana kikiwekwa juu ya kioo. Nilisubiri karatasi ichanike. Nilishaanza kuisikia sauti ile, krrr, kabla haijatokea. Badala yake Mama Temi akauliza, polepole, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa na jambo jingine kabisa:

"Kwa nini amesimama?"

Nilisikia ukucha ukigonga karatasi.

"Folake, tazama. Huyu ni mama yake. Mama aliyemzaa. Na yeye amesimama mbele yake kama anakuja kusoma mita ya umeme."

"Kweli amesimama," alisema Anti Folake.

"Mwana wa nani huyu? Amelelewa wapi?" alisema yule wa chini ya draya.

"Temi!" Mama Temi aliita. "Toka huko nyuma. Nani amekufundisha hivi?"

Temi alitoka, nami nikiwa nyuma yake. Nilimwona anafungua mdomo kusema ni yeye, na nikajua akisema hivyo basi Ibadan imefika. Sijui nguvu ile niliitoa wapi. Nilisema, "Ni mimi, Mama Temi. Temi alimlaza. Mimi ndiye niliyemsimamisha."

Watu wote wa saluni walinigeukia, wengine kwa kupitia vioo, kwa hiyo nilitazamwa mara mbili. Kwa kawaida ningekufa. Nikaeleza, mara ya kwanza kusema maneno mengi mfululizo mbele ya watu wazima tangu nije nchi hii, kwamba kwetu mtoto akimwamkia mkubwa humbusu mkono akasema shikamoo, na mkubwa asipoitika basi salamu imebaki hewani, haijafika. "Mkubwa anaitika nini?" aliuliza Mama Temi. Nikamwambia: marahaba. Akalijaribu neno mdomoni bila sauti. Nikaendelea kwamba kulala chini sisi hatumfanyii mtu, tunamfanyia Mungu tu.

"Na sisi pia tunamwabudu Mungu tu, Zanzibar," alisema. Hakuwa na hasira. "Hii si ibada. Hii ni adabu. Unadhani mimi napenda wachorwe hawa? Sipendi. Hili tutalizungumza, mimi na binti yangu. Lakini akishachorwa mtoto na mama yake, mtoto asisimame. Hata kama ni nani. Hasa kama ni mtu wa kuogopwa na dunia nzima, ndiyo kabisa alale." Akamtazama Temi. "Wewe hujawahi kuona vizuri, ndiyo maana ulikubali kufuta. Hukuona mtu akifanya kwa moyo. Sogezeni viti."

Akavua aproni. Mama Temi alikuwa mwanamke mzito, mwenye magoti yaliyokuwa yakimsumbua kwa kusimama miaka na miaka. Aliweka kiganja kimoja sakafuni, kisha cha pili, akanyoosha mguu nyuma, na mguu mwingine, akajishusha mpaka kifua chake kikagusa ile plastiki ya kijivu, katikati ya vipande vya nywele za watu. "Hivi," alisema, uso chini. "Kaka yangu ndivyo alivyokuwa akifanya kila asubuhi. Mwanamume anashuka hivi. Mimi nilikuwa napiga magoti pembeni yake."

Tulidhani atainuka. Hakuinuka. Alibaki pale, na nikaona mabega yake yametulia kama mtu aliyelala, kisha akasema maneno machache ya Kiyoruba, taratibu sana, si kwetu. Anti Folake alishuka kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, akapiga magoti kando yake. Hakumwinua. Alikaa naye tu. Redio ikawa inaimba peke yake.

Baadaye Temi ndiye aliyenieleza. Yale maneno yalikuwa salamu ya asubuhi kwa mama. Bibi yake Temi mzaa mama alifariki wakati Mama Temi amekaa London akisubiri karatasi zake, na asiye na karatasi akitoka harudi, na mtoto Temi alikuwa tumboni. Mazishi aliyasikiliza kwenye simu. Mjomba wa Ibadan ndiye aliyelala chini kwa niaba ya wote. Temi aliyajua haya kama watoto wanavyojua mambo ya nyumba, bila kuambiwa. Lakini hakuwahi kumwona mama yake chini. Na alipomwona, alifanya jambo ambalo mtu mwingine angeliona ni kukosa haya. Alichukua penseli kwenye meza ya malipo, akageuza karatasi ya tangazo la kanisa, akakaa juu ya ndoo, akaanza kuchora.

Mama Temi aligeuza shavu. "Unafanya nini?"

"Nakuchora."

Penseli haikusimama.

"Basi chora vizuri," alisema kutoka sakafuni. "Na mgongo usiupanue."

Saluni nzima ikaangua kicheko, na Anti Folake akasema, "Mwambie ukweli, penseli haina upana wa kutosha," na wakamwinua wanne, magoti yakilia, yeye akijipangusa nywele za wateja kifuani. Ukurasa ule ulichorwa upya. Ukitazama mgongo wa Shango pale bwawani, chini ya joho jekundu, si mgongo wa kijana mwenye misuli. Ni mgongo wa mwanamke wa makamo aliyechoka. Hakuna msomaji aliyewahi kuuliza.

Mazungumzo yao ya mama na binti sikuyasikia, yalifanyika nyumbani kwao. Temi aliniletea hukumu kesho yake: kitabu kitakwenda maktabani, kwa sharti moja, wasiitwe miungu. Jioni ile mama yangu alirudi kazini, akavua viatu, akaketi jikoni na chai yake ya maziwa, nami nikaona nisipomwambia leo sitamwambia tena. Nikamwonyesha kurasa zote. Alizipitia akimumunya andazi. Alikawia kwa Yemoja. "Huyu anasafisha kama mie," alisema. Kisha akanitazama kwa jicho lile. "Sikiliza mwanangu. Picha ni picha. Lakini nyie watoto, msiwaite miungu. Mungu mmoja." Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Wanawake wawili ambao hawakuwahi kukutana, mmoja wa kanisa la kupiga kelele na mwingine wa msala, walikuwa wametoa hukumu moja kwa maneno yaleyale. Basi jaladani tuliandika *Wakubwa wa Rye Lane*. Nimelifikiria jina hilo mara nyingi tangu hapo. Tulilipata kwa kukatazwa, na sidhani kama tungelipata lililo bora kwa kuachiwa.

Siku ya maktaba ilipita kama siku nyingine, watu wakipita mezani petu kwenda kwenye meza ya keki. Mzee mmoja wa Kiyoruba, mwenye kofia ya sufu na mfuko wa mboga, alisimama kwenye ukurasa wa bwawa muda mrefu, akautikisia kichwa kama anaitika salamu, akaenda zake. Mama Temi alikuja na aproni yake, kati ya mteja na mteja. Alisoma kitabu kizima amesimama. Alipofika mwisho aliniuliza mimi, si Temi, "Na sasa mbona hasemi kitu?" Maana kiputo cha Shango katika ukurasa ule mpya nilikiacha kitupu. Nilimwambia sikujua mtu aliyelala hivyo anasema nini. "Kweli," alisema. "Wewe acha. Anajua mwenyewe."

Jumapili, baada ya kanisa, mjomba alipiga simu kama kawaida, na simu ilikuwa imesimamishwa kwenye chupa ya mafuta, sauti imefunguliwa, mikono ya Mama Temi imo ndani ya kichwa cha mtu. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia. "Kitanda kipo," alisema mjomba. "Mtoto anakuja lini?"

"Haji, kaka yangu. Ana kazi huku."

"Kazi gani, mtoto wa shule?"

"Anawafundisha watu adabu," alisema Mama Temi, na akamwuliza habari za magoti yake.

Tangu siku ile, kila nilipoingia saluni nilimwendea kwanza yeye, nikaushika mkono wenye mafuta, nikaubusu, nikasema shikamoo. Yeye akaitika "Marahaba o," akiivuta ile o ya mwisho kama wanavyovuta wao, mbele ya wateja, bila haya. Sikumpigia magoti hata mara moja na hakunitaka nimpigie. Ukubwani tulitawanyika kidogo, Temi chuoni kusoma uchoraji, mimi kazini, saluni ikahamia mtaa wa mbali baada ya uchochoro ule kuuzwa. Leo pale pana mkahawa wa vioo. Nimepita, na namkumbuka yule mtu wetu asiye na uso kila nipitapo.

Ijumaa nilivaa kanga ya buluu na nyeupe kichwani, ya mama yangu. Ukumbi ulikuwa umejaa rangi hizo, mamia ya wanawake wa kanisani wamevaa kitambaa kimoja, wakiimba, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi kwa nini Temi alichagua hizo na si nyingine. Mbele kabisa palikuwa na picha kubwa ya Mama Temi anacheka, amezungukwa na maua. Watu walikwenda mmoja mmoja. Mjomba wa Ibadan, mzee sasa, alikataa kushikwa mkono. Alishuka mwenyewe, polepole, mpaka kifua kikafika chini, mbele ya mdogo wake, jambo ambalo kwa desturi yao halimpasi. Temi alipiga magoti pembeni yake.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Sikuwa na la kushika, mkono haukuwepo. Niliinamisha shingo kidogo, kama nilivyomfundisha Shango siku ile, nikasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama." Kisha nikabaki nimesimama pale kama mjinga, kwa sababu salamu ya kwetu haina mwisho mpaka iitikiwe, na nilikuwa nimeitoa bila kulifikiria hilo.

Nyuma yangu, kutoka chini, magoti bado yako sakafuni, Temi akaitika. Akaivuta ile o.